Chris Iwelumo: klabu 18, mechi 4 za taifa na mpira mmoja uliopita nje

Tarehe 11 Oktoba 2008, Hampden Park, Glasgow. Uskoti na Norway hazijafungana katika mechi ya kuwania tiketi ya Kombe la Dunia la 2010. Kipindi cha pili, beki wa kushoto Gary Naysmith anapiga krosi ya chini inayokata mbele ya goli. Mshambuliaji mrefu aliyeingia dakika chache tu zilizopita, akiwa katika mechi yake ya kwanza ya timu ya taifa, anaufikia mpira akiwa kama mita tatu kutoka kwenye mstari. Goli liko wazi. Anaugusa, unapita nje ya mlingoti. Mechi inaisha 0-0.

Huyo ni Chris Iwelumo. Alikuwa na umri wa miaka 30, na hadi leo ukitafuta jina lake, kipande hicho cha video ndicho kinachokuja kwanza, mara nyingi katika mikusanyiko ya makosa mabaya zaidi mbele ya lango. Mimi naona hukumu hiyo haikumtendea haki, na sisemi hivyo kwa huruma. Ukifuatilia njia aliyopita hadi kufika pale, na ukikaa chini na msimamo wa kundi lile ukapiga hesabu, unakuta kisa chenye maswali mawili ambayo watu wameyaunganisha kimakosa. La kwanza ni jinsi mtu wa madaraja ya chini alivyofika mbele ya goli tupu la taifa lake. La pili ni kama kosa lile kweli ndilo lililoinyima Uskoti safari ya Afrika Kusini.

Alizaliwa tarehe 1 Agosti 1978 huko Coatbridge, mji uliokuwa wa viwanda vya chuma mashariki mwa Glasgow, mama Mskoti na baba Mnigeria. Alianza soka la kulipwa St Mirren, klabu ya Paisley, wakati huo ikiwa daraja la pili la Uskoti. Hakuwa kijana wa ajabu. Alikuwa mrefu, mwenye bidii, na bado hakuwa na mabao. Washambuliaji wa aina hiyo Uskoti wamekuwa wengi siku zote, na wengi wao huishia nusu mshahara nusu kazi nyingine katika madaraja ya chini.

Mwaka 1998 akaenda Denmark, Aarhus Fremad, klabu ndogo ya jiji ambalo kubwa lake ni AGF. Hatua hii huwa inapitwa haraka kwenye simulizi zake, lakini kwangu ina uzito. Hukumu ya Bosman ya Desemba 1995 ilikuwa imebadilisha kila kitu: mchezaji wa Ulaya aliyemaliza mkataba alikuwa huru kuvuka mpaka bila klabu yake ya zamani kudai ada. Magazeti yaliandika kuhusu mamilionea walioneemeka na hukumu hiyo. Huku chini, ilimaanisha pia kwamba kijana wa miaka 20 kutoka Paisley, asiyetakiwa na klabu yoyote kubwa, angeweza kutafuta riziki yake Skandinavia. Fremad walikuwa ligi kuu ya Denmark alipofika, na mwaka 1999 wakashuka.

Machi 2000 akarudi Uingereza, Stoke City. Miezi michache kabla, Novemba 1999, klabu hiyo ilikuwa imenunuliwa na wawekezaji wa Iceland, wakamleta kocha Gudjon Thordarson aliyewahi kuifundisha timu ya taifa ya Iceland. Sioni kama ni bahati kwamba mtu wa Ulaya ya Kaskazini ndiye aliyemwona Mskoti aliyejificha Denmark. Masoko ya soka yanafuata macho ya wanaoyajua.

Stoke ilikuwa daraja la tatu, ikitaka kupanda kila msimu. Kwa straika ambaye hafungi kila wiki, mazingira hayo yana maana moja: mkopo. Akapelekwa York City, kisha Cheltenham Town. Mfumo wa mikopo wa Uingereza uliruhusu klabu za ligi za chini kukopeshana wachezaji kwa muda mfupi katikati ya msimu, na hata madirisha ya usajili yalipoanza baadaye, ruhusa hiyo ilidumu hadi 2016. Mchezaji aliweza kupigiwa simu leo na Jumamosi akawa amevaa jezi nyingine, katika mji ambao hana hata nyumba. Kwa klabu ni akiba ya dharura. Kwa mchezaji ni kuanza upya mbele ya watu wasiomjua, akiwa na wiki chache za kuthibitisha kwamba yupo.

Stoke ilipanda Mei 2002 kupitia mchujo, yaani mechi za mtoano za kuwania nafasi ya mwisho ya kupanda, Thordarson akaondoka mara moja, Steve Cotterill akaja akakaa miezi michache, na Novemba akaingia Tony Pulis. Makocha watatu ndani ya mwaka mmoja, na kila mmoja ana wazo lake kuhusu nani aanze mbele. Iwelumo alikaa Stoke miaka minne katika hali hiyo, kitu ambacho si kidogo. Kisha Machi 2004, mkataba ukielekea ukingoni, akaazimwa tena, safari hii Brighton.

Brighton walikuwa wanacheza Withdean, uwanja wa riadha wenye majukwaa ya muda, kwa sababu uwanja wao wa zamani uliuzwa. Kocha alikuwa Mark McGhee, Mskoti mwenzake na mshambuliaji wa zamani. Walifika fainali ya mchujo jijini Cardiff tarehe 30 Mei 2004 dhidi ya Bristol City. Hadi dakika za lala salama ilikuwa 0-0. Iwelumo akaangushwa ndani ya boksi na Danny Coles, refa akaweka penalti, Leon Knight akafunga, Brighton ikapanda daraja. Katika kumbukumbu za mechi ile mfungaji ni Knight. Lakini aliyeingia kwenye eneo lile na kumlazimisha beki afanye kosa ni mtu wa mkopo aliyekuwa na miezi mitatu tu klabuni. Naomba msomaji aishike picha hiyo: mtu anayejua kufika mahali pa hatari kabla ya mpira. Ndiyo sifa iliyompa ajira maisha yake yote, na ndiyo hiyo hiyo iliyompeleka pale Hampden.

Baada ya Brighton hakuendelea nao. Akaenda Ujerumani, Alemannia Aachen, klabu ya daraja la pili ambayo kwa kufika fainali ya Kombe la Ujerumani mwaka ule ilipata nafasi ya kucheza Kombe la UEFA. Kwenye karatasi ilikuwa hatua kubwa. Uwanjani Aachen tayari walikuwa na mnara wao mbele, Mholanzi Erik Meijer aliyewahi kuchezea Liverpool, na Iwelumo alikula benchi zaidi ya alivyocheza. Msimu mmoja tu, akarudi.

Sasa tunafika Colchester United, na hapa ndipo ningetaka watu wote wanaomcheka waanzie.

Alijiunga 2005, akiwa na miaka 27. Colchester ni mji wa Essex, na uwanja wao wa wakati huo, Layer Road, ulikuwa mdogo na wa kizamani. Kocha Phil Parkinson alimpa kitu ambacho hakuwahi kupewa kwa uhakika, yaani nafasi ya kuanza kila wiki. Msimu ule Colchester ikamaliza ya pili na kupanda kwenda daraja la pili la Uingereza, Championship, kwa mara ya kwanza katika historia yake. Parkinson akaondoka kwenda Hull City. Kila mtu alitabiri Colchester itashuka mara moja. Chini ya Geraint Williams ikamaliza nafasi ya 10, ya juu kabisa kuwahi kuifikia. Mbele walikuwa wawili: Jamie Cureton, mfupi na mjanja, aliyekuwa mfungaji bora wa ligi akiwa na mabao 23, na Iwelumo aliyepachika 18.

Novemba 2006 Hull ya Parkinson ilikuja Layer Road. Colchester ilishinda 5-1 na Iwelumo alifunga manne. Mwanzoni mwa Desemba Hull ikamfukuza Parkinson. Soka ina ukatili wa aina hiyo: kocha aliyekuamini kuliko wote unamfunga manne, naye anapoteza kazi.

Kwa misimu miwili Iwelumo alifunga mabao 35 ya ligi. Hakubadilika kuwa mtu mwingine ghafla akiwa na miaka 27. Kilichobadilika ni kwamba alikuwa na kocha mmoja, mwenzake mmoja mbele, na krosi alizojua zinatoka wapi. Straika mrefu anategemea mazoea kuliko mchezaji wa aina nyingine yoyote. Winga akipata mpira anaweza kuamua peke yake. Namba tisa wa kusimama ndani ya boksi anaishi kwa kujua mwenzake atapiga mpira kwa mguu gani, juu au chini, mapema au kwa kuchelewa. Mtu anayehamishwa kila baada ya miezi kadhaa hana muda wa kujifunza hayo. Huwa tunawaita wachezaji hawa wa kiwango cha kati bila kuuliza kiwango chao kingekuwa kipi kama wangeachwa mahali pamoja. Kiangazi cha 2007 Cureton na Iwelumo waliondoka wote wawili, na msimu uliofuata Colchester ikamaliza mkiani ikashuka.

Charlton Athletic, iliyokuwa imetoka tu Ligi Kuu, ilimchukua kama mchezaji huru. Alifunga 10. Julai 2008 Mick McCarthy akamnunua kwenda Wolverhampton Wanderers, na pale akapewa tena mwenzake wa kufaa, Sylvan Ebanks-Blake. Wolves waliuanza msimu kwa kasi, wote wawili wakicheka na nyavu. Ilipofika Oktoba, kocha wa Uskoti George Burley alikuwa na sababu nzuri ya kumwita. Hili hupotea katika kelele: Iwelumo hakuitwa kwa upendeleo. Aliitwa kwa sababu alikuwa anafunga kila mara katika timu iliyokuwa inaongoza mbio za Championship, na kwa mchezaji wa miaka 30 aliyepita njia aliyopita yeye, mwito ule ulikuwa umepatikana kwa jasho.

Lakini mazingira yalikuwa mabaya. Uskoti haikuwa imefika mashindano makubwa tangu Kombe la Dunia la 1998. Katika kampeni ya Euro 2008 ilikuwa imewafunga Ufaransa nyumbani na ugenini na bado ikakosa, kwa hiyo taifa lilikuwa na matumaini yenye hasira ndani yake. Kundi la safari hii lilikuwa na Uholanzi, Norway, Macedonia na Iceland. Uskoti ilianza kwa kufungwa 1-0 Macedonia, ikashinda 2-1 Iceland. Norway nyumbani ikawa mechi ya lazima.

Na benchini alikuwepo Kris Boyd wa Rangers, mfungaji wa kutisha wa ligi ya nyumbani, mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kusukuma wavuni mipira ya mita tatu. Burley alimwingiza Iwelumo, na mechi ikaisha bila Boyd kugusa nyasi. Baada ya hapo Boyd akatangaza kwamba hataichezea Uskoti tena Burley akiwa kocha. Kuanzia siku hiyo kosa la Iwelumo halikuwa tena kosa la mchezaji. Likawa ushahidi katika kesi ya watu wengine wawili. Kila aliyetaka kumsema Burley alikionyesha kipande kile cha video, na kila aliyemtetea Boyd alikionyesha pia. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Iwelumo kwao ndiko alikogeuzwa mfano.

Tukio lenyewe likoje? Krosi ya chini inayokata mbele ya goli ina kasi yake tayari. Mshambuliaji hahitaji kupiga, anahitaji kuubadilisha mwelekeo tu. Ugumu uko kwenye hatua. Mguu ukitangulia kidogo, mpira unagonga sehemu ya mbele ya kiatu na kuteleza kupita lango. Mtu mwenye miguu mirefu anayenyoosha hatua ya mwisho ana nafasi ndogo ya kurekebisha. Ni kosa baya, sitalipamba. Mchezaji wa taifa anatakiwa kufunga pale. Ila tofauti kati yake na bao la kawaida la ndani ya boksi ni pembe ya kiatu, na washambuliaji wasiofika pale hawakosi mabao ya namna hiyo kamwe, kwa sababu hawamo kwenye picha. Tena aliyepiga krosi, Naysmith, alikuwa wa Sheffield United, na aliyeikosa alikuwa wa Wolves. Wote walicheza ligi moja bila kuwahi kuwa pamoja katika kikosi cha kwanza. Hayo mazoea niliyoyataja kule Colchester hayakuwepo.

Twende kwenye hesabu, maana hapa ndipo hukumu ya mtaani inapoanguka.

Uskoti ilimaliza kundi na alama 10, mabao 6 ya kufunga na 11 ya kufungwa. Norway nayo ilikuwa na alama 10 ikawa ya pili kwa tofauti ya mabao. Makundi yalikuwa tisa, na kati ya timu tisa za nafasi ya pili, nane tu ndizo zilizokwenda mchujo. Norway ndiyo iliyokosa. Sasa tuseme Iwelumo amefunga, mechi ikaisha 1-0, na mengine yote yakabaki kama yalivyokuwa. Uskoti ina alama 12, Norway 9, Uskoti ni ya pili. Wanakwenda wapi? Hawaendi popote. Ili kulinganisha makundi ya ukubwa tofauti, matokeo dhidi ya timu ya mkiani katika makundi ya timu sita yaliondolewa, na Jamhuri ya Ireland, iliyokuwa na hesabu dhaifu kuliko wote waliofuzu mchujo, ilibaki na alama 12 na tofauti ya mabao iliyo juu ya sifuri. Uskoti, ambayo kundi lake la timu tano halikupunguzwa kitu, ingekuwa na 12 pia, lakini tofauti ya mabao ikiwa hasi 4. Ingekuwa wao wa tisa badala ya Norway.

Ili niwe mkweli kwa pande zote, kuna hesabu nyingine. Mechi ya mwisho, tarehe 9 Septemba 2009, Uskoti iliwakaribisha Uholanzi ikilazimika kushinda. Ikiwa na zile alama mbili za ziada, sare ingeifikisha 13 na ingetosha. Ilibaki 0-0 hadi zikisalia dakika chache Eljero Elia alipofunga. Mechi inayohitaji sare huchezwa kwa namna nyingine, kwa hiyo siwezi kusema bao la Hampden lisingekuwa na faida yoyote. Lingewapa njia rahisi zaidi. Lakini kusema mtu mmoja alilinyima taifa Kombe la Dunia ni kusahau kile kipigo cha Macedonia kule Skopje, na ni kusahau zaidi tarehe 12 Agosti 2009 huko Oslo, ambako Gary Caldwell alitolewa kwa kadi nyekundu kipindi cha kwanza na Norway wakashinda 4-0. Kipigo kile ndicho kilichoharibu tofauti ya mabao. Timu iliyofunga mabao 6 katika mechi 8, na yote yakiwa dhidi ya Iceland na Macedonia nyumbani na ugenini Iceland, haikuwa na tatizo la mguu wa mtu mmoja. Burley alifukuzwa Novemba 2009 baada ya kufungwa 3-0 na Wales, Iwelumo akiwa hayumo kabisa katika mjadala.

Yeye alirudi kazini. Msimu wa 2008/09 alimaliza na mabao 14 ya ligi na Wolves wakatwaa ubingwa wa Championship, ingawa jeraha la goti lilimkatia sehemu ya mwisho ya msimu. Niweke wazi ninavyoamini: kufunga mabao 14 katika timu bingwa, katika msimu ule ule ambao nchi nzima inakucheka, ni ushahidi wa moyo ambao washambuliaji wengi mashuhuri hawajawahi kulazimika kuuonyesha. Mwaka uliofuata Wolves wakiwa Ligi Kuu walimleta Kevin Doyle kutoka Reading kwa ada ya rekodi ya klabu, Iwelumo akashuka kwenye foleni. Hakufunga bao lolote Ligi Kuu. Akaazimwa Bristol City, wale wale aliowasababishia penalti ya 2004.

2010 akaenda Burnley, akafunga 11 ya ligi, na kocha mpya wa Uskoti Craig Levein akamrudisha timu ya taifa. Jumla ya mechi zake za taifa ikafika 4, bila bao. 2011 alihamia Watford. Pale alinaswa na mabadiliko mengine yasiyomhusu: 2012 familia ya Pozzo ilinunua klabu na kuijaza wachezaji wa mkopo kutoka klabu zake nyingine, Udinese na Granada. Straika wa miaka 34 hana nafasi katika mpango wa namna hiyo. Notts County, Oldham, Scunthorpe zikafuata kwa haraka. Mapema 2014 alirudi nyumbani Uskoti kuichezea St Johnstone, msimu ambao klabu hiyo ilitwaa Kombe la Uskoti kwa mara ya kwanza. Kituo cha mwisho kilikuwa Chester, nje ya madaraja manne ya kulipwa ya Uingereza.

Ukihesabu na za mkopo ni klabu 18 katika nchi nne, karibu miaka 20 ya kuajiriwa kama mshambuliaji. Baada ya kutundika daluga amekuwa mchambuzi wa soka katika runinga na redio, na hajawahi kulikimbia swali la Norway. Huulizwa, hujibu, kisha huendelea kuchambua mechi iliyo mbele yake.